Ufunguo wa Pili

Mtu akipoteza ufunguo wa nyumba yake, haoni shida kubwa. Amwita seremala, kitasa chang'olewa, kingine chatiwa, na kabla ya jua kuchwa watoto wamelala ndani. Akipoteza ufunguo wa baiskeli, akata mnyororo. Lakini akipoteza ufunguo wa motokaa ya siku hizi, naye hana mwingine, hapo ndipo aonapo ajabu: mali ya maelfu ya dola yasimama barabarani kama jiwe, na kila apitaye atoa shauri lake. Jambo hilo twataka kulizungumza leo, maana hapa Kalemie latupata kwa namna yake, na gharama yake si ndogo.

Labda msomaji atauliza: «Kwa nini tuzungumze juu ya funguo za motokaa? Wenye motokaa si wengi katika parokia zetu.» Ni kweli. Wengi wetu twaenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au nyuma ya pikipiki za teksi. Hata hivyo motokaa moja hulisha watu wengi: mwenyewe, dereva, vijana wapakizi, mama wa sokoni angojaye unga wake, na mgonjwa apelekwaye hospitali usiku wa manane. Motokaa ikisimama, hao wote wasimama pamoja nayo. Kwa hiyo shauri hili ni la watu wote.

Kwanza tutazame motokaa zetu zatoka wapi. Nyingi zilitumiwa Japani miaka kadhaa kabla ya kuuzwa huku kwetu. Huja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha hushika njia ya Kigoma, zaidi ya kilometa 1,200, upande ule ule ilikopita reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Kutoka Kigoma huvushwa juu ya maji mpaka bandari yetu, ambako reli ya Kabalo ilifika mwaka 1915, mji ulipokuwa ukiitwa Albertville. Nyingine huja kwa barabara za Zambia na Lubumbashi. Katika safari hiyo yote ufunguo hupita mikono mingi: mkono wa mwuzaji, wa watu wa meli, wa wakala wa bandarini, wa dereva wa kuvusha. Mwisho mnunuzi akabidhiwa ufunguo mmoja tu. Wa pili, uliotoka kiwandani pamoja na wa kwanza, ulibaki njiani, wala hakuna ajuaye ni wapi. Naye mnunuzi, kwa furaha ya kupata motokaa, hasemi neno.

Hapo ndipo hasara yaanza, ijapokuwa bado haijaonekana.

Hesabu ya jirani yetu

Tulikuwa na jirani, mchuuzi wa ndagala na unga, mwenye motokaa ndogo ya mizigo. Ufunguo wake ulikuwa mmoja tangu siku aliyoinunua. Asubuhi moja, katika kupakia kando ya ziwa, dereva alishika ufunguo mkono mmoja pamoja na simu na kamba. Wimbi likapiga, mtumbwi ukayumba, ufunguo ukaanguka majini. Vijana walipiga mbizi mpaka jioni, wasiupate.

Kesho yake mashauri yakaja. Wa kwanza alisema: «Vunja kioo.» Kioo kikavunjwa, motokaa ikapata dirisha bovu, wala haikuwaka. Wa pili alisema: «Kata nyaya chini ya usukani, uziunganishe.» Zikakatwa, mashine ya kuwashia ikazunguka, lakini injini ikakataa kata kata. Karakana moja ya mji wa mbali ilijibu kwa simu kwamba hakuna dawa ila kubadili kompyuta yote ya injini, tena motokaa ipelekwe huko juu ya lori. Katikati ya hayo mvua ilinyesha, na ndagala zilizokuwa zimekaushwa vizuri zikaanza kunuka.

Mwishowe alipatikana fundi kijana ng'ambo ya ziwa, aliyekubali kuja. Alivuka na mashine yake ndani ya mfuko wa mgongoni. Aling'oa kitasa cha mlango, akasoma vibati vyake vya ndani, akachonga chuma kulingana navyo. Kisha akaiunga mashine yake na kompyuta ya motokaa. Kabla ya saa sita mchana injini ikanguruma, na watu wakapiga makofi.

Jioni tulikaa na jirani yetu, tukaandika hesabu katika daftari. Chuma cha ufunguo na chipu iliyo ndani yake vilikuwa sehemu ndogo kabisa. Kazi ya fundi ilikuwa kubwa kidogo. Lakini nauli ya kuvuka kwenda na kurudi, chakula na malazi yake, kioo kipya, nyaya zilizokatwa, samaki walioharibika, na majuma matatu bila kazi: hayo ndiyo yaliyokula fedha. Fundi yule yule, kama ufunguo wa kwanza ungalikuwapo, asingalivuka ziwa hata kidogo. Kwa nini twasema hivyo, tutaeleza sasa.

Kwa nini chuma peke yake hakitoshi

Zamani ufunguo wa motokaa ulikuwa chuma tu. Motokaa za kwanza kabisa ziliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini, kazi ya kutoa jasho. Mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilileta swichi ya kugeuza kwa ufunguo ili injini iwake, na wengine wakafuata. Kwa miaka mingi baadaye fundi mwenye tupa na jicho zuri aliweza kuchonga mfano wa ufunguo wowote akikaa chini ya mwembe.

Lakini wezi nao walijifunza kuchonga, tena walijifunza kuunganisha nyaya. Basi katika miaka ya 1990 watengenezaji wakatia ndani ya kichwa cha ufunguo kitu kidogo kama punje ya mchele, yaani chipu. Chipu hiyo haina betri. Kuizunguka swichi ya kuwashia kuna waya mwembamba uliokunjwa kama pete. Ufunguo ukikaribia, pete ile yaipa chipu nguvu kidogo bila kuigusa, na chipu yajibu kwa kutaja namba yake ya siri. Kompyuta ya motokaa ikiijua namba ile, injini yawaka. Isipoijua, injini yanyimwa mafuta au umeme, hata meno ya ufunguo yakiwa sawa kabisa. Mafundi huuita mpango huo imobilaiza. Sisi tutauita mlinzi, maana ndiyo kazi yake.

Mlinzi huyu si adui yetu. Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba tangu mwaka 1998 kila motokaa mpya iwe naye. Wataalamu wawili, Jan van Ours na Ben Vollaard, walichunguza wizi wa motokaa katika Uholanzi kati ya mwaka 1995 na 2008, wakakadiria kwamba mlinzi alipunguza wizi kwa asilimia 40 hivi. Tena tumesikia yaliyowapata watu wa Marekani: motokaa nyingi za Kia na Hyundai zilikuwa zimeuzwa huko bila mlinzi, na tangu mwaka 2021 vijana waliogundua udhaifu huo waliziiba kwa wingi katika miji mikubwa.

Basi mlinzi afaa. Lakini yeye hamjui mwenye motokaa kwa sura, wala hasomi karti rozi. Ajua namba tu. Aliyepoteza namba ni mgeni kwake, hata akilia.

Namna tatu za funguo

Kabla ya kutafuta fundi, yafaa kila mtu ajue ufunguo wake ni wa namna gani, asije akalipia kazi isiyohitajiwa.

Namna ya kwanza ni chuma kitupu. Ndio ufunguo wa pikipiki nyingi, na wa motokaa nyingi za Japani za miaka ya 1990, na baadhi za miaka ya 2000 pia. Huo mchongaji wa barabarani auweza kwa tupa au kwa mashine ndogo, na gharama yake ni ndogo. Mwenye pikipiki asiye na ufunguo wa pili hana udhuru.

Namna ya pili ni chuma chenye chipu. Kwa macho yaweza kufanana na ile ya kwanza. Kuna njia rahisi ya kujaribu: kifunge kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya bati, ile ya kufungia chakula, pasibaki nafasi, kisha jaribu kuwasha. Injini ikiwaka na kuendelea kuunguruma, kwa kawaida hakuna chipu. Ikikataa, na ukiitoa karatasi yawaka, chipu imo. Alama nyingine ni taa ndogo katika deshibodi, mara nyingi yenye picha ya ufunguo au ya motokaa, imetimeta wakati motokaa imezimwa.

Namna ya tatu ni ile isiyotiwa popote. Mwenyewe auweka mfukoni, akanyaga breki, abonyeza kitufe, motokaa yawaka. Hii ndiyo ya gharama kubwa kupita zote ikipotea. Lakini ndani yake mna chuma kidogo kilichofichwa, kinachochomolewa kwa kusukuma kidude cha pembeni. Chuma hicho hufungua mlango betri ikiisha. Na kwa kuwasha, katika motokaa nyingi za namna hii, ufunguo ukisogezwa mpaka uguse kile kitufe cha kuwashia, injini yawaka hata kama betri ya ufunguo imekufa. Wako waliokodi lori la kuvuta motokaa nzima, na dawa yake ilikuwa mkononi mwao.

Mambo ya rimoti

Kidude cha kufungia milango kutoka mbali ni jambo jingine, wala tusikichanganye na chipu. Watanzania hukiita rimoti; sisi Wakongo wengi twasema telekomande. Wafaransa wana jina lao la kuchekesha, plip, kwa kuwa aliyeibuni aliitwa Paul Lipschutz. Motokaa ya kwanza kuuzwa nayo ilikuwa Renault Fuego ya mwaka 1982.

Rimoti ina betri, chipu haina. Rimoti hufunga na kufungua milango. Chipu huruhusu injini kuwaka. Kwa hiyo rimoti ya ufunguo wa namna ya pili ikifa, usilie: geuza chuma katika mlango kama zamani, washa motokaa, nenda kazini. Tena kabla ya kununua nyingine, badili kwanza betri. Ni duara kama sarafu, na namba yake imeandikwa juu yake, mathalani CR2032 au CR2016. Betri hizo hupatikana hata kwa wauza saa. Ikiwa bado haifanyi kazi, safisha kwa kitambaa kikavu vile vidole vya chuma vinavyoigusa betri.

Rimoti ikianguka majini, au ikiloa kama vitu vingi vilivyoloa mwaka 2024 ziwa lilipopanda mpaka ndani ya nyumba za watu, ifungue mara moja, toa betri, iache ikauke kivulini siku mbili. Usiitie motoni wala juani. Chipu yenyewe, kwa kuwa imefungwa ndani ya kifuniko chake, kwa kawaida haidhuriwi na maji.

Anayetaka kununua rimoti nyingine na aangalie mambo mawili. La kwanza: motokaa zilizotengenezwa kwa watu wa Japani husikia mawimbi ya karibu megahezi 315, na za Ulaya husikia 433. Rimoti ya huku haitasikika kule, hata zikifanana kama mapacha. La pili: rimoti iliyokwisha kutumiwa na motokaa nyingine, hasa ya namna ya tatu, mara nyingi imefungwa na motokaa ile ya kwanza, wala haikubali bwana mwingine. Yule auzaye sokoni kwa bei ya chini labda hajui. Mnunuzi na aulize, tena asilipe yote kabla ya kujaribu.

Habari njema ni kwamba rimoti za motokaa nyingi za Toyota za miaka ya 1990 na 2000 huweza kufundishwa bila kompyuta yoyote, kwa kufungua na kufunga mlango na kutia ufunguo kwa hesabu maalumu. Fundi mwaminifu atafanya hivyo kwa dakika chache, wala hatadai ujira wa siku nzima.

Ufunguo husafiri

Sasa tumefika kwenye neno lenyewe. Ufunguo wenye chipu, ukiwapo mkononi, waweza kunakiliwa. Kwa chipu nyingi za kawaida fundi ana mashine ndogo isomayo namba ya chipu ya kwanza na kuiandika katika chipu mpya. Motokaa haihitajiwi, wala kompyuta yake haiguswi. Ufunguo peke yake watosha.

Watu wa miji mikubwa hawaoni uzito wa neno hilo, maana kwao fundi yu karibu. Lakini kwetu ni neno la kuokoa. Mtu wa Kalemie aendaye Lubumbashi au Kigoma au Dar es Salaam kwa shughuli zake aweza kuchukua ufunguo mfukoni, akarudi na funguo mbili. Motokaa yabaki nyumbani chini ya mti. Nauli ilikuwa ni ya safari yake. Haikuongezeka hata faranga moja. Ufunguo ukiwapo, ufunguo ndio usafirio. Ukipotea, sharti fundi asafiri au motokaa isafiri, na hapo hesabu yabadilika kabisa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini mwenye ufunguo mmoja asiupeleke ovyo. Achague majuma ambayo motokaa imo matengenezoni au haina kazi, amkabidhi mtu amjuaye, na kwanza amwulize fundi kwa simu kama chipu ya motokaa ile hunakiliwa. Zile za namna ya tatu, na baadhi za namna ya pili zilizo mpya zaidi, hazinakiliwi hivyo; zahitaji motokaa yenyewe iwepo. Kwa hizo, yafaa wenye motokaa watatu au wanne wapatane kumwita fundi mmoja siku moja. Nauli yake ikigawanywa kwa wanne, kila mmoja ataiweza.

Ya kufanya kabla ya kupotea

Haya ndiyo tuwezayo kushauri, nayo hayahitaji utajiri.

Kwanza, siku ya kununua motokaa, uliza ufunguo wa pili kabla ya kutoa fedha ya mwisho. Kama haupo, bei ipunguzwe kwa kadiri ya gharama ya kuutengeneza. Ni haki yako, wala si ugomvi. Tena fahamu kwamba baadhi ya Toyota za miaka ile zilikuwa na funguo kuu zenye kichwa cheusi, na mmoja mdogo wenye kichwa cha kijivu wa kumpa mtu wa kuegesha. Ule wa kijivu huwasha injini, lakini hauwezi kuifundisha kompyuta ufunguo mwingine. Mwenye wa kijivu peke yake ajue kwamba bado ni maskini wa funguo.

Pili, tafuta namba ya ufunguo. Mara nyingi huandikwa juu ya kibati kidogo kilichokuja pamoja na funguo. Kwa namba hiyo fundi aweza kuchonga chuma bila kuuona ufunguo wa kwanza. Namba yaweza kwenda mbali kwa simu, na chuma kikarudi kwa mkono wa msafiri. Iandike katika daftari la nyumbani, wala usikiache kibati ndani ya motokaa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, chongesha chuma kimoja kitupu, bila chipu. Hakitawasha injini, lakini kitafungua mlango siku ile ufunguo utakapofungiwa ndani. Gharama yake ni ndogo kuliko kioo cha dirisha.

Nne, ufunguo wa pili uwekwe kwa mtu mwaminifu, si katika mkoba mmoja na wa kwanza. Tumewaona watu wenye funguo mbili katika pete moja. Wakipoteza pete, wamepoteza vyote. Na juu ya pete usiandike namba ya motokaa wala jina la mtaa. Andika namba ya simu tu, ili mwema aweze kukurudishia na mwovu asijue pa kwenda.

Ya kufanya ukiisha kupotea

Wakristu wengi humwomba Mtakatifu Antoni wa Padua kitu kikipotea, nao hufanya vema. Lakini wakiisha kumwomba na watafute kwa utaratibu: warudi pale walipoitumia motokaa mara ya mwisho, wageuze mifuko ya nguo zote, waulize watoto bila kuwatisha. Haraka haraka haina baraka. Usivunje kioo, usikate nyaya siku ya kwanza.

Usipouona, uliza fundi zaidi ya mmoja kabla ya kupatana. Atakayesema mara moja kwamba kompyuta nzima ibadilishwe, mwulize kwa nini. Kwa Toyota za zamani kidogo zilizopoteza funguo kuu zote, yaweza kuwa kweli kwamba kompyuta ya mlinzi sharti ifunguliwe na kuandikwa upya. Lakini kwa nyingi, kitasa cha mlango chatosha kutoa umbo la chuma, na mashine iungwayo chini ya deshibodi yatosha kuifundisha kompyuta chipu mpya.

Kuna na njia nyingine ya watu wasio na fedha nyingi, wanayoijua mafundi wa vipuri wa Kariakoo kule Dar es Salaam, na wa Kirinyaga Road kule Nairobi. Ni kununua kutoka motokaa iliyokufa, ya aina ile ile na mwaka ule ule, swichi yake pamoja na ufunguo wake na kompyuta yake, vyote vitatu vikiwa vimezoeana tangu kiwandani. Vikihamishwa pamoja, motokaa yako yawaka. Milango itabaki na ufunguo wake wa zamani, au vitasa vihamishwe navyo. Lakini dai risiti, usije ukanunua mali ya kuibwa.

Fundi akiisha kumaliza, mwombe jambo moja zaidi: afute katika kompyuta namba ya ufunguo uliopotea. Kwa motokaa nyingi yawezekana, wala haimchukui muda mrefu. Kwa njia hiyo, aliyeuokota au kuuiba hataweza kuwasha injini. Nawe mwonyeshe karti rozi kabla hajakuomba. Fundi asiyeuliza motokaa ni ya nani, kesho atamchongea mwizi ufunguo wa motokaa yako.

Wako mafundi washaurio kumwondoa mlinzi kabisa, ili chuma kitupu kiwashe. Ni njia ya mkato, na siku hiyo yaonekana nafuu. Lakini motokaa iliyoondolewa mlinzi ni kama nyumba iliyoondolewa mlango kwa sababu kitasa kilikwama.

Neno kwa mwokotaji

Mara kwa mara, baada ya Misa, twasikia ikitangazwa kwamba ufunguo umeokotwa, au umepotea. Lakini pia tumesikia habari za kijana aliyeokota ufunguo sokoni, akakaa nao siku tatu akingoja tangazo la zawadi. Pengine alidhani ni chuma tu. Hakujua kwamba katika siku hizo tatu dereva hakupata mshahara, na mama fulani alitembea na mzigo kichwani toka bandarini mpaka ng'ambo ya daraja la Lukuga.

Ufunguo ulioutwaa njiani haukufai kitu wewe. Humfaa mmoja tu duniani. Upeleke parokiani, au kwa mkuu wa mtaa, au piga ile simu iliyoandikwa. Na mwenyewe, akiisha kuupata, asisahau kutoa asante inayoonekana. Asante hiyo, hata ikiwa nono, ni nafuu kuliko nauli ya fundi.

Basi, enyi wenye motokaa na pikipiki, na ninyi madereva mnaotunza mali za wengine, leo jioni hesabuni funguo zenu. Mwenye mbili na azitenganishe. Mwenye mmoja na aulize nani asafiri mwezi huu kwenda Lubumbashi au kuvuka ziwa, nao wapatane. Jirani yetu sasa ana mbili, na ule wa pili waning'inia nyumbani kwa dada yake, juu ya msumari, nyuma ya mlango.